Sauti za herufi kwa watoto wanaoanza kusoma: maswali ninayoulizwa na wazazi

Nafundisha watoto wa awali na darasa la kwanza, shule ya kawaida ya serikali huku Tanzania. Kila mwaka Januari ikifika simu yangu inajaa meseji za wazazi na walimu wapya, na maswali ni yaleyale, basi nimeona niyaandike hapa yote na majibu yake ili mtu akiniuliza nimtumie. Yapo mambo ambayo walimu wenzangu hatukubaliani, hapo nitasema msimamo wangu na sababu zake.

Jina la herufi na sauti ya herufi, tofauti yake ni nini? Si kitu kilekile?

Hapana, na hapa ndipo watoto wengi wanapopotelea. Chukua herufi m. Jina lake wengine wanaita "em", wengine "me", inategemea ulisoma wapi. Lakini sauti yake ni ile unayoitoa ukifumba midomo, mmmmm, kama mtu anayekubali na chakula kiko mdomoni. Sasa mtoto anayejua majina tu, muandikie "kalamu" umwambie asome, atakwambia ke-a, le-a, me-u, na hayo ukiyaunganisha hayaleti kalamu hata ufanye nini. Mwenye sauti atavuta k na a, ka, l na a, la, m na u, mu, halafu atanyamaza kidogo, atasema "kalamu!" na uso utabadilika kabisa. Huo uso ndio unaonifanya niendelee na kazi hii.

Majina atayahitaji baadaye, kutafuta neno kwenye kamusi au kutaja herufi za jina lake akiulizwa. Hamna haraka. Tangu mtaala wa KKK wa mwaka 2015 mkazo wa darasa la kwanza na la pili umekuwa kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu na sisi walimu tunatakiwa kuanzia kwenye sauti, kwahiyo mtoto aliyefundishwa majina tu nyumbani akija shule inabidi tuanze upya naye.

Mtoto wangu anaimba a e i o u, ba be bi bo bu, mpaka mwisho bila kukosea. Si ndio ameshajua kusoma?

Mzazi mwenzangu, naomba unisikilize vizuri hapa. Kuimba chati sio kusoma.

Niliwahi kuwa na mtoto mmoja, mchangamfu sana, yeye ndiye alikuwa anashika kijiti na kuwaongoza wenzake ubaoni, ma me mi mo mu, darasa zima linaitikia, mimi nimekaa pembeni nimefurahi. Siku moja nikafuta ubao wote nikaandika "mu" peke yake katikati. Akaniangalia. Nikamwambia soma, akaanza kuhesabu vidole kimoyomoyo, ma, me, mi, mo... alikuwa anaitafuta kwa kuhesabu nafasi yake kwenye wimbo. Wiki sita nilikuwa nafundisha kwaya nikidhani nafundisha kusoma, na kosa lilikuwa langu, sio la mtoto.

Kwahiyo mpime hivi: andika silabi moja kwenye kipande cha karatasi, mfano "bi", umuulize. Kisha "lo". Kisha "ka". Usifuate mpangilio wowote. Akianza kuimba kutoka mwanzo ujue bado, na wala usimkasirikie, cheza naye zile mbili tatu anazozijua kwa kuzichanganya, kesho ongeza moja. Mimi sasa hivi chati ya mfululizo haikai ukutani kwangu zaidi ya wiki, naikata vipande.

Ana miaka mitatu na nusu. Nianze kumfundisha herufi?

Anza na masikio, herufi zisubiri. Mtoto ambaye hasikii kwamba "mama" na "maji" vinaanza sawa, ukimuonyesha alama ya m utakuwa unamuonyesha mchoro tu.

Michezo ipo mingi na haina gharama. Pigeni makofi kwa majina ya watu wa nyumbani, Ne-e-ma makofi matatu, Ju-ma mawili, ba-bu mawili, watoto wanapenda sana kugundua nani ana jina refu. Ukiwa jikoni mwambie naona kitu kinaanza na sss, atatafuta, sufuria! sukari! Au mnaujua ule mchezo wa nyama nyama, ambao mmoja anataja mnyama wenzake wanaitikia na kuruka, na akitajwa mnyama asiyeliwa ukaruka umetoka? Mimi nimeugeuza, nataja maneno, wakisikia linaanza na sauti ya k wanaruka, kuku wanaruka, kikombe wanaruka, meza, aliyeruka ametoka. Dakika kumi tu na wamechoka kwa kucheka.

Akifika miaka mitano na masikio yameshafunguka, herufi zinaingia zenyewe kwa kasi ambayo utashangaa.

Nianze na herufi gani? a b c d kwa mpangilio?

Usifuate mpangilio wa alfabeti, ule ni wa kamusi. Ukianza a, b, ch, d, umeshampa mtoto b na d karibu karibu, herufi mbili zinazofanana kuliko zote, na hana neno lolote la maana la kusoma.

Walimu wengi huanza na irabu zote tano kwanza, hamna ubaya. Mimi nikiwa na watoto wadogo naanza na tatu, a, i, u, kwa sababu mdomo unaonekana tofauti kabisa kwa kila moja, a unaachama, i unatabasamu, u unachongoa midomo. Halafu naleta m, l, k, t moja moja. Sasa angalia kwa herufi saba tu mtoto anasoma nini: mama, kaka, kuku, taa, kiti, maua, lala, kula, kata, lima. Tena anasoma sentensi, "kaka kalala", "mama kalima". Ni maneno anayoyatumia kila siku nyumbani! Kisha e na o, halafu n, s, b, p, w, y na kuendelea. Herufi d naileta mbali kabisa na b.

Halafu anza na herufi ndogo. Vitabu vimejaa herufi ndogo, lakini nyumbani wazazi wanamfundisha mtoto kuandika jina lake lote kwa herufi kubwa, anakuja darasani hazijui zile zilizoko kitabuni.

Mbona nikimtamkia b anasoma "bua" badala ya "ba"?

Kwa sababu umemtamkia "bu". Amekusikia vizuri, ameunganisha bu na a akapata bua, hajakosea yeye.

Sauti ziko za aina mbili. Zipo unazoweza kuzivuta mpaka pumzi iishe, mmm, sss, nnn, fff, lll, zzz, hizo ni rahisi kuunganisha, mmmmaaa, ma. Na zipo zinazokatika hapohapo, b, p, t, d, k, g, ukijaribu kuzivuta lazima irabu iingie. Hizi za pili usizitamke zenyewe kwa nguvu, mwambie mtoto aandae mdomo tu, "fumba midomo ya b, usitoe sauti bado, sasa fungua na a", itatoka ba yenyewe. Mazoezi ya siku mbili tatu anakuwa ameshika.

Kuna ubishi kati ya walimu, wengine wanasema tufundishe silabi nzima tu, ba be bi bo bu, mambo ya sauti mojamoja ni ya Kiingereza. Naelewa wanachosema, maana maneno yetu karibu yote silabi inaishia na irabu, na mtoto wa Kiswahili anasikia silabi kirahisi kuliko sauti mojamoja. Lakini mtoto anayekariri silabi nzima bila kujua ndani kuna b na a, kila herufi mpya kwake ni vitu vitano vipya vya kukariri. Anayejua sauti, ukimpa herufi mpya moja anatengeneza zile tano mwenyewe. Kwahiyo mimi nafundisha vyote kwenye kipindi kimoja, sauti kwanza, silabi papo hapo, neno kabla ya kengele.

Mtoto yuko shule ya mchepuo wa Kiingereza. Nimfundishe sauti za Kiswahili au za Kiingereza? Atachanganyikiwa?

Hili naulizwa sana mjini na jibu langu ni refu, nivumilie.

Kiswahili chetu kinaandikwa kinavyosemwa. Herufi a ni a popote utakapoikuta, mwanzoni, katikati, mwishoni. Hatutumii q wala x, na c haikai bila h. Mtoto akishazijua sauti zake anaweza kusoma neno ambalo hajawahi kuliona maishani, hata kama maana hajui. Huo ni utajiri mkubwa sana na tunauchukulia poa. Kiingereza kina herufi 26 na sauti kama 44, ile a ya "cat" sio a ya "cake", na watoto wenye lugha hiyo wenyewe inawachukua muda mrefu zaidi kuimudu.

Balaa linakuja kwenye majina. Herufi e kwa Kiingereza inaitwa "i". Herufi i inaitwa "ai". Herufi a inaitwa "ei". Sasa mwambie mtoto huyo aandike "kiti" kwa imla, anasikia i, anajua i ni ile herufi ya duara yenye mkia, anaandika "kete". "Meza" anaandika "maza". Nimeyaona haya madaftarini zaidi ya mara moja, na mzazi anadhani mtoto hana akili, kumbe ana akili nyingi sana, amefuata kanuni aliyopewa.

Ushauri wangu: kama nyumbani mnaongea Kiswahili, mfundishe kusoma Kiswahili kwanza au sambamba, maana ufundi wenyewe wa kuunganisha sauti kuwa neno unajifunza mara moja tu, ukishaupata kwa lugha rahisi unauhamishia kwenye ngumu. Tenganisha muda na mahali, Kiswahili nyumbani jioni kwa vitabu vyake, Kiingereza shuleni kwa vitabu vyake. Na nyumbani msimtajie herufi kwa majina ya Kiingereza mkiwa mnasoma Kiswahili. Hatachanganyikiwa mtoto, wanaochanganya ni sisi watu wazima tukisoma "ma" kama "em ei".

Zile za herufi mbili nazifundishaje? ch, sh, ny, ng'...

Zisubiri mpaka herufi moja moja zimekaa. Kisha mfundishe kwamba hizi ni marafiki wawili wanaotoa sauti moja, wasitenganishwe. ch ya chai na chura, sh ya shati na shamba, ny ya nyanya na nyumba. Ukiandika kwenye kadi, ziandike kwenye kadi moja, usimpe s na h kwenye kadi mbili.

Inayotesa zaidi ni ng na ng'. Ngoma na ng'ombe. Ile ya ngoma ina g inayosikika mwishoni, ya ng'ombe inabaki puani tu. Mwambie mtoto ashike pua aseme ng'ombe, atasikia inaziba. Wengi huku mtaani tunaandika "ngombe" kwenye meseji bila kile kialama, mtoto anaona, halafu tunamlaumu.

Halafu kuna m ya mtu, mti, mke, mbwa. Hii m imesimama yenyewe, ni silabi kamili bila irabu, m-tu makofi mawili, m-bwa makofi mawili. Lakini mbegu ni mbe-gu, mbili vilevile, hapo m imeungana na b. Usimweleze mtoto nadharia, mpigishe makofi tu, atasikia mwenyewe. Watoto ambao hawajaelezwa hii huwa wanaandika "mutu" na "muti", wanatafuta irabu pasipo na irabu, na kwa kweli kuna lugha zetu nyingi za asili ambazo ndivyo zinavyosema.

Nataka nianze na herufi ya jina lake lakini anaitwa Caroline. Nifanyeje?

Swali zuri na linanigusa, kwa sababu jina ndilo neno la kwanza ambalo mtoto analipenda. Kwa Asha, Juma, Neema, Baraka, hamna shida, tunaanza hapohapo. Kwa Caroline, Christopher, Queen, ukweli ni kwamba jina limetoka lugha nyingine na herufi yake ya kwanza haifuati sauti tunayomfundisha. Namwambia hivyohivyo mtoto, jina lako lina herufi mgeni, tunaiandika lakini hapa tunasoma k. Watoto wanaelewa kirahisi tu, tena wanajivunia kuwa na herufi mgeni. Kama nyumbani ana jina la utani, Kadogo au Mimi, anza na hilo.

Mtoto anachanganya r na l. Na "dhahabu" anasema "zahabu".

Tofautisha mambo mawili. Kuna mtoto ambaye ulimi haujakomaa, sauti ya r huchelewa kwa watoto wengi, subiri, mtamkie wewe sawasawa bila kumrudisharudisha. Na kuna mtoto ambaye lugha ya kwao haitenganishi r na l kama Kiswahili, sehemu nyingi za Kanda ya Ziwa ipo, na kule Kenya kwa Wakikuyu ipo. Hiyo sio kasoro. Anachohitaji ni kusikia tofauti kabla ya kuombwa aitamke, kwahiyo mchezeshe jozi, kula na kura, mahali na mahari, wewe unasema yeye anaonyesha picha au kadi. Sikio likishajua ulimi utafuata.

Zile dh, th, gh zina asili ya Kiarabu na watoto wanaokwenda madrasa huwa wananizidi hata mimi kuzitamka, basi nawaita mbele wawafundishe wenzao dhahabu, thamani, ghali. Watoto wa bara wanasema z, s, g. Mimi kwenye kusoma nakubali lafudhi yake mradi ameitambua herufi, lakini kwenye kuandika lazima ajue fedha sio feza.

Kitu kimoja naomba sana. Msimcheke. Mtoto akichekwa kwa "langi" badala ya rangi, atanyamaza, na mtoto aliyenyamaza huwezi kumfundisha kusoma.

Anageuza b na d mpaka sasa, yuko darasa la kwanza.

Kawaida kabisa kwa umri huo. Kikombe ukikigeuza mkono wake uwe kushoto au kulia kinabaki kikombe, ndivyo alivyoishi miaka sita yote, leo unamwambia alama hii ukiigeuza inakuwa kitu kingine. Mkono unasaidia kuliko macho: b inaanza na fimbo halafu tumbo, d inaanza na tumbo halafu fimbo. Aandike kubwa hewani kwa mkono mzima huku akitoa sauti. Moja ishike kwanza, hata wiki tatu, ndipo ulete nyingine.

Na wanaochapa watoto kwa b na d, acheni jamani. Hakuna mtoto anayegeuza herufi kwa ukorofi.

Sina hela ya vifaa.

Huhitaji. Vizibo vya soda, andika herufi ndani kwa makapeni, ukiwa na hamsini umepata darasa zima la kutengeneza maneno. Maboksi ya sabuni kata kadi. Mchanga wa nje ni daftari lisiloisha. Nimewahi kutumia maharage kupanga umbo la herufi mezani na jioni tukayapika.

Kwa siku dakika ngapi?

Kumi mpaka kumi na tano, kila siku. Saa nzima Jumamosi haisaidii, atasahau kufikia Jumatano.

Vipi programu za kwenye simu na video?

Zipo nzuri, kaa naye uangalie. Kabla hujampa, sikiliza kwanza zinatamka jina au sauti, na kwa lugha gani. Nyingi nilizoziona zinasema "ei for apple", hiyo haitamsaidia kusoma "mama".

Mwalimu mwenzangu: nina watoto zaidi ya themanini, hizi sauti nitamsikia nani?

Pole, najua, nipo hapohapo. Kuitikia kwa pamoja kunaficha wasiojua, kwahiyo mimi nafanya hivi: wakiwa wanaandika au wanapanga vizibo, naita watano tu mezani kwangu, kila mmoja namuonyesha silabi sita zilizochanganywa, dakika nne tano imeisha. Kwa siku napitisha makundi matatu au manne, ndani ya wiki nimemsikia kila mtoto. Nina daftari lenye majina, naweka alama ya herufi anayokwama tu. Pia nawakalisha wawili wawili, anayejua na anayejifunza, nikihakikisha kila mmoja kuna siku anakuwa yeye ndiye mwalimu, hata kwa herufi moja.

Nimefanya yote haya miezi mitatu, mtoto hashiki kabisa.

Kabla ya kusema mzito, angalia masikio. Mtoto anayetokwa usaha sikioni mara kwa mara au mwenye mafua yasiyoisha anaweza kuwa hasikii tofauti ya t na k. Simama nyuma yake, sema maneno kwa sauti ndogo uone anageuka au haitikii. Kisha macho, anakodoa? anasogelea ubao? Mpeleke kituo cha afya wakampime vyote viwili. Nina mtoto aliyekaa nyuma mwaka mzima akiitwa mvivu, kumbe ubao alikuwa anauona kama ukungu, alipopata miwani na kuhamia dawati la mbele alisoma silabi zake ndani ya muhula.

Vikiwa salama, rudi nyuma mpaka pale anapoweza, hata kama ni makofi ya majina tu, uanzie hapo. Ukikwama niandikie, uniambie anajua herufi zipi na anakwama wapi, uniambie zile anazozijua kwanza.